Kikombe cha Nyumbani au cha Kijiweni: Kuchagua Raha Ndogo za Masika na Kipupwe Dar es Salaam

Mtu wa Makete au Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani na watu hushinda na makoti mchana kutwa, hawezi kumwelewa kwa urahisi mkazi wa Dar es Salaam anayelalamikia baridi wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 19 au 20 alfajiri. Lakini mwili huipima baridi kwa kile ulichokizoea, na mtu aliyelala bila shuka usiku wa Januari wenye nyuzi 25 ataamka Julai amejikunja, nyayo zake baridi kama sakafu. Kabla ya hapo atakuwa ameshapita kwenye masika, ambayo kwa maoni yangu huulemea moyo kuliko kipupwe. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi katika jiji hili: nguo zilizofuliwa Jumatatu hazijakauka Alhamisi, kuta zinatoa ukungu, na Mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, hata mtu wa Magomeni ambaye Kariakoo ni jirani yake akajiona yuko mbali. Mimi ni fundi cherehani na ninashonea nyumbani, kwa hiyo masika nayajua kwa alama moja: mteja aliyeahidi kuja kuchukuliwa vipimo haji, cherehani inanyamaza, na siku nzima inapita nikitazama matope ya mlangoni.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichunguza ni vitu gani vidogo hunyanyua moyo katika miezi hiyo, na nimeona kwamba watu wengi hukosea kwa kuchukua dawa ya msimu mmoja na kuitumia katika msimu mwingine. Masika hutunyang'anya jua na watu. Kipupwe huturudishia jua kwa wingi, maana Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu, lakini huleta upepo wa kusi na alfajiri ndefu, kwa kuwa mwezi wa Julai jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Hivyo katika ulinganisho huu nitaziweka raha mbilimbili, na kwa kila jozi nitaangalia gharama yake, muda wake, nani anaweza kuifikia, na hali ya moyo saa moja baada ya raha yenyewe kwisha. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa, kwa sababu yapo mambo mengi yanayofurahisha kwa robo saa kisha yakamwacha mtu palepale yalipomkuta.

Chai ya nyumbani na kahawa ya kijiweni

Chai ninayoisema hapa ni chai ya maziwa yenye viungo, ile inayopikwa katika sufuria, wala si ya kutumbukiza kipakiti katika maji ya moto. Majani yetu hutoka Mufindi, Rungwe, Njombe au milima ya Usambara, na hayana shida ya ubora. Tofauti hutokea jikoni. Mama yangu alinifundisha kuanza na tangawizi. Huoshwa na maganda yake, hutwangwa kwenye kinu kidogo mpaka nyuzi zake zionekane, kisha huchemshwa katika maji peke yake kwa dakika kumi hivi kabla kitu kingine chochote hakijaingia. Mpangilio huu una sababu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na joto la kuchemka ndilo linalokiua. Anayetia tangawizi mbichi katika maziwa ya uvuguvugu hupata mabonge yanayoelea na hulaumu maziwa. Baada ya tangawizi hufuata punje tatu za iliki zilizopasuliwa, kwa sababu iliki ni ghali na tatu zinatosha sufuria ya watu watano, kisha kijiti cha mdalasini, majani ya chai, na mwisho maziwa, ambayo huachwa yapande hadi ukingoni mwa sufuria mara mbili, kila mara yakishushwa kwa kuondolewa motoni. Kufikia hapo nyumba nzima imekwisha kunukia, na watoto wanaamka bila kuitwa.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kuona nguvu ya chai ilipo. Nusu ya raha yake imo katika kuipika: mikono inapata kazi, uso unapata mvuke, na baridi ya alfajiri ya Julai inakuwa na jambo la kufanyiwa. Gharama yake kwa familia ni ndogo, mwanamke na mwanamume wanaipata sawasawa, na haimlazimu mtu kutoka nje. Upungufu wake nao umetokana na hapohapo. Kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, chai humalizika kimya kimya, na sufuria inayobaki ya kuosha humkumbusha kwamba amekunywa peke yake. Nimewasikia vijana wawili waliopanga nyumba ya jirani wakisema kwamba walinunua viungo vyote na wakaacha kupika baada ya wiki moja, na ninawaelewa.

Kahawa ya kijiweni ni kitu cha namna nyingine kabisa. Ni kahawa chungu, nyeusi, isiyotiwa sukari, inayonywewa kwa finjani isiyojaa hata kiganja, pamoja na kashata ya karanga ili utamu na uchungu vikutane mdomoni. Tanzania hulima arabika katika miteremko ya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini, na robusta mkoani Kagera, ambako wenyeji tangu zamani huzitafuna kahawa zilizokaushwa na kumkaribisha nazo mgeni. Mtu wa Bukoba aliyehamia Dar es Salaam anajua kwamba kahawa ni ukarimu kabla haijawa kinywaji. Muuza kahawa wa mtaani hubeba birika lake juu ya makaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, na vikombe vichache ambavyo huvigonganisha mkononi anapotembea. Mlio ule, kwa anayeufahamu, unapenya hata sauti ya mvua juu ya bati.

Thamani ya kijiwe, hata hivyo, imo katika benchi kuliko katika finjani. Pale mtu husogezewa nafasi kabla hajaulizwa jina. Huku bao au drafti ikiendelea, mazungumzo yanakwenda kutoka bei ya saruji hadi mechi ya Simba na Yanga, na mgeni aliyefika ameinama hujikuta baada ya finjani ya pili akitetea hoja ambayo asubuhi hakuwa nayo. Kwa mwanamume mjane, kwa mstaafu ambaye ofisi haimhitaji tena, kwa kijana aliyetoka mkoani na hana ndugu mjini, sijaona raha ndogo nyingine katika jiji hili inayofanya kazi hiyo kwa sarafu chache namna ile. Kwa kipimo cha saa moja baadaye, kahawa ya kijiweni inaishinda chai, kwa sababu aliyeondoka pale ameondoka na maneno ya kuyafikiria na miadi ya kesho.

Lazima niseme wazi jambo moja ambalo wanaosifia vijiwe huliruka. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam benchi la kahawa bado ni la wanaume, na mwanamke akikaa pale mazungumzo hubadilika. Mimi hununua kahawa yangu mlangoni. Muuza kahawa wetu hupita mnamo saa kumi jioni, nami nikisikia vikombe hutoka barazani na kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo moja au mbili?"

"Mbili, jirani yupo."

Yale "mbili" ndiyo siri yote. Jirani hukaa upande wake wa baraza, mimi upande wangu, kila mmoja na finjani yake, na kwa dakika kumi na tano mvua inageuka kuwa kitu tunachokitazama pamoja. Nyumba za Kiswahili za Magomeni, Ilala na Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, zilijengewa baraza mbele kwa ajili ya mambo kama haya, na ninasikitika kila ninapoona baraza likivunjwa ili kupata fremu moja ya duka. Kwa wanawake wasio na baraza, kwa msusi huwa ndiko kijiweni kwao: saa tatu za kusukwa zina mazungumzo mengi kuliko benchi lolote, ingawa gharama yake si ya kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu katika jozi hii hautegemei ladha. Nyumba yenye watu, hasa katika kipupwe, ichague chai, na ipikwe alfajiri. Anayeishi peke yake, hasa katika masika, aichague kahawa, hata kama haipendi sana, na aende kuinywea penye watu. Asiyepata usingizi kwa urahisi asinywe kahawa baada ya saa kumi alasiri, maana kafeini hubaki mwilini kwa saa nyingi na usiku mbaya huharibu kesho yake. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu nao wasinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri. Waitenge kwa saa moja au mbili.

Vitumbua vya moto na machungwa ya Muheza

Jozi hii inaweza kuonekana haina uwiano, kwa kuwa kimoja ni kitafunio na kingine ni tunda, lakini kwa mtu mwenye sarafu chache mfukoni anayetaka kitu cha kumchangamsha njiani, hivi viwili hushindania sarafu zilezile.

Kitumbua kizuri huanza usiku uliotangulia. Mchele hulowekwa, asubuhi sana husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha huachwa uumuke. Mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu aliniambia kwamba katika kipupwe hamira huchelewa, hivyo hulazimika kuamka mapema zaidi na kuliweka sufuria karibu na jiko ili joto liisaidie. Karai lake la chuma lina vishimo saba. Hutia mafuta kidogo katika kila kishimo, huyasubiri yatoe sauti, humimina uji mzito kwa upawa mdogo bila kudondosha tone ukingoni, na kufikia kishimo cha saba kile cha kwanza kimekwisha kuwa na ukingo wa rangi ya kahawia. Hapo hukitia kijiti pembeni na kukigeuza kwa mzunguko mmoja wa mkono. Ndani kinabaki cheupe, chenye matundu, laini, na nje kina ganda jembamba linalovunjika kwa sauti. Kikiliwa kingali moto ni furaha kamili. Kikipoa kinakuwa chakula tu, na kufikia mchana mafuta yake yanaonekana kwenye karatasi.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa na chungwa, ambalo halina haraka. Machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, hufurika Dar es Salaam katika kipupwe, yakiwa yamepangwa kwenye mikokoteni na baiskeli, mengi yakiwa na ganda la kijani ingawa yameiva kabisa. Wageni wengi huyapita wakidhani ni mabichi. Ganda la chungwa hugeuka rangi ya manjano pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, na usiku wa pwani haufiki huko, lakini ndani utamu umekwisha kutimia. Muuzaji hulimenya kwa kisu huku akilizungusha, ganda la kijani likining'inia kama utepe mmoja mrefu, akiliacha lile jeupe ili mkono usilowe. Kisha hulikata kichwa, na mnunuzi hulikamua mdomoni akiwa amesimama juani. Wapo wanaolinyunyizia chumvi na pilipili, na kwa mtu mwenye mafua ya Julai ninapendekeza ajaribu hivyo angalau mara moja.

Katika masika mimi huchagua kitumbua bila kusita, kwa sababu mwili uliolowa unataka kitu cha moto na kwa sababu kukisubiri karibu na karai ni namna ya kuota moto. Katika kipupwe ninachagua chungwa, na ninalichagua kwa ajili ya mchana, saa ile ya saa sita hadi saa nane ambapo jua ni zuri na kazi imeanza kuchosha. Mwenye kisukari atafakari yote mawili kwa makini, lakini chungwa moja zima, likiliwa na nyama zake bila kukamuliwa juisi, litamsumbua kidogo kuliko vitumbua vitatu.

Kuota jua na kujifunika

Hapa sitakaa sana upande wa blanketi, kwa sababu kila mtu anaujua. Kujifunika gubigubi asubuhi ya mvua ni kutamu, na kwa aliyechoka ni haki yake. Tatizo ni lile la saa moja baadaye: anayeamka saa nne huamka mzito kuliko alivyolala, na siku inakuwa imekwisha kupoteza kichwa chake.

Kuota jua kuna mengi ya kusemwa. Bibi zetu waliketi uwanjani kila asubuhi ya kipupwe, miguu wameinyoosha, kanga mabegani, wakiwa na watoto wachanga mapajani, na hawakuhitaji kuelezwa sababu. Sababu ipo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza kitaalamu aina ya sonona inayowapata watu wa nchi za kaskazini kila majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi, na tiba iliyotokana na kazi hiyo ni mwanga mkali wa asubuhi: mgonjwa hukaa karibu na taa ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa nusu saa hivi. Sisi tuko karibu na ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja, kwa hiyo sidai kwamba ugonjwa ule ndio unaotusumbua. Ninachokichukua ni kile kipimo cha mwanga. Taa ya sebuleni haifikii hata sehemu ndogo ya laksi hizo, ilhali nje, hata katika siku ya mawingu, mwanga huwa mkubwa mara nyingi zaidi ya ule wa ndani. Mtu wa Dar es Salaam anayeshinda ndani katika masika akiwa amefunga madirisha kwa ajili ya mbu na mvua huwa anajinyima kitu ambacho kiko nje ya mlango wake bila malipo.

Kwa hiyo katika kipupwe nusu saa ya jua la asubuhi ndiyo raha ya kwanza ninayompendekezea kila mtu, kabla ya chai na kabla ya chungwa. Katika masika, mvua inapotulia, hata kwa dakika ishirini, atoke akae barazani au asimame uwanjani, mawingu yawepo yasiwepo. Mimi huhamishia cherehani karibu na mlango miezi hiyo, na macho pia yananishukuru.

Neno moja kuhusu kuota moto, ambalo ninaliandika kwa uzito wote. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupasha joto. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu waliolala nayo hawaamki. Anayesikia baridi usiku avae soksi, aongeze shuka, ajifunge kanga kifuani. Na mtu ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana hamu ya kula, hana usingizi, au anaona maisha hayana maana, asijitibu kwa chai wala kwa jua. Aende hospitali, kwa sababu sonona ni ugonjwa na una matibabu.

Pantoni na ufukwe wa Coco

Wakazi wengi wa jiji hili wakitaka kupunga upepo huenda Coco, kule Oysterbay, na sababu zao ni za kweli: kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga yenye pilipili, kuna nafasi ya watoto kukimbia, na hakuna kiingilio. Lakini ufukwe ule unatazama mashariki, bahari kuu, hivyo katika kipupwe upepo wa kusi huupiga kwa nguvu, mchanga huruka hadi kwenye mihogo, na anayekwenda kutafuta machweo juu ya maji hatayaona, kwa sababu jua huzama nyuma yake, upande wa majumba. Anayetaka kuufaidi katika msimu huu aende asubuhi mapema, jua linapochomoza, na aulizie maji kabla ya kutoka nyumbani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kujaa huumeza mchanga wote na maji kupwa huacha miamba na vidimbwi ambavyo watoto wanaweza kuvichunguza kwa saa nzima.

Pantoni ya Kigamboni haihesabiwi na wengi kuwa starehe, kwa kuwa kwa maelfu ya watu ni njia ya kwenda kazini. Nauli ya mtu mzima imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, safari yenyewe ni ya dakika chache, na tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 anayependa kurudi kwa njia nyingine anaweza. Asubuhi na jioni za siku za kazi msongamano wake unachosha, na sitamshauri mtu mwenye mtoto mdogo aingie saa hizo. Lakini mnamo saa nne asubuhi, watu wakiwa wamepungua, mtu akisimama ubavuni akashika chuma kilicholowa chumvi, anapata katika dakika zile chache mambo ambayo Coco haina: harufu ya Soko la Samaki la Feri inayobaki nyuma, mashua za wavuvi zinazorudi, meli kubwa inayopita karibu kiasi cha kuonekana kutu ya nanga yake, na nyuma ya yote minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yaliyojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ikisimama chini ya maghorofa ya vioo. Mlango ule wa bandari umekingwa na nchi kavu pande zote mbili, hivyo upepo wa kipupwe unaufika ukiwa umepungua makali.

Familia yenye watoto ichague Coco, Jumamosi asubuhi. Mtu mzima mwenye moyo mzito na saa moja tu ya kupumzika achague pantoni, aende na kurudi. Mimi nimeifanya safari hiyo mara nyingi nikitoka kununua vitambaa Kariakoo, mzigo ukiwa miguuni, na sijawahi kurudi nyumbani nikijuta shilingi 400 zile. Katika masika, mvua ikiwa inanyesha, yote mawili yaahirishwe.

Redio na maktaba, kwa siku za mvua

Mvua ya masika inapokaa siku nzima zinabaki raha za ndani, na kati ya hizo ninazilinganisha mbili tu. Redio ndogo ya betri inafaa kuliko simu, kwanza kwa sababu umeme ukikatika nayo inaendelea, na pili kwa sababu haimtaki mtu achague: muziki wa zilipendwa wa Sikinde au Msondo unamjia akiwa anachambua mchele, na wimbo ambao hakuufikiria kwa miaka unamkuta mikono ikiwa kazini. Simu humwomba achague kila dakika, na kuchagua huchosha. Kwa aliyezuiliwa na mvua mjini, Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ni mahali pakavu, penye utulivu na mwanga, na saa mbili za kusoma pale zinapita vizuri kuliko kusimama chini ya kibanda kituoni. Redio ni ya kila siku; maktaba ni ya siku moja moja.

Kwa ndugu walio kwenye baridi yenyewe

Wasomaji wengi watakuwa na ndugu ughaibuni, na swali la raha zipi zinasafiri ni swali la haki. Mdogo wangu anaishi London. Katikati ya Desemba, wakati sisi tuko kwenye joto, jua la kwake huchomoza saa mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa tano, na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Siku yake haitimizi hata saa nane. Kilichonishangaza nilipopiga hesabu ni kwamba saa ile linapozama kwake, kwetu ni saa moja kasoro dakika chache, na la kwetu limekwisha kuzama dakika kama ishirini tu zilizopita. Tunatofautiana asubuhi kwa saa tano nzima, lakini giza linatuingia karibu pamoja.

Kuota jua hakusafiri. Mwezi ule jua la huko ni la chini na mara nyingi halionekani, na kwake ile taa ya laksi 10,000 inaweza kuwa jambo la kumuuliza daktari. Kahawa ya kijiweni haisafiri pia, kwa sababu mikahawa anayo mingi, benchi hana. Kitumbua kinasafiri kwa shida, maana karai lake ni zito. Chai inasafiri, kwa kuwa tangawizi na iliki anazipata dukani kwao, na kwa hiyo Jumapili za Desemba tumeafikiana apige simu giza linapoingia, kila mmoja akiwa na sufuria jikoni.

"Dada, shikamoo. Nimeshatwanga. Nitie maziwa?"

"Marahaba. Bado, mdogo wangu. Imechemka dakika ngapi?"

"Nne."

"Iache kwanza ifike kumi. Niambie, mtoto amelala?"